Timu Mbili Zisizofungwa na Furushi la Machicha

Nilitupa taka pasipotupwa taka, siku isiyofaa kutupa taka, nikiwa nimezifunga kwa kitambaa ambacho mwenye akili timamu angekichoma moto. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili usije ukanionea huruma huko mbele. Huruma sikustahili. Nilistahili fagio.

Ilikuwa Jumapili alfajiri. Vijana wanaozoa taka kwa mkokoteni huku kwetu Mjambere, Kisauni, walikuwa hawajapita siku nyingi. Wengine walisema wamegoma, wengine walisema mkokoteni umevunjika gurudumu. Jumamosi nilikuwa nimepika wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa ajili ya kakangu na watu wake, na hata kulipokucha machicha ya nazi yalishaanza kunuka jikoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku zamani, na gunia la taka lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Nikatwaa kipande cha leso kuukuu, chekundu, nilichokuwa nikishikia sufuria za moto, nikatia humo machicha, maganda ya mayai, ndimu zilizokamuliwa, na jivu la chetezo nilichofukizia udi kuondoa harufu ya samaki. Nikafunga fundo la kubana. Nikasimama kwenye mlango wa jikoni, nikalirusha furushi lile juu ya ukuta kuelekea jaani.

Kulipeleka kwa miguu kulikuwa hatua chache tu. Lakini mimi kutoka nje ya ukuta wangu ni safari, na safari ina maandalizi yake. Wala sikutazama lilikoangukia. Mkono wangu umezoea kusukuma mahamri, haukuzoea kurusha. Nikarudi kwenye unga wangu nikiwa nimeridhika, kama mtu aliyefanya kazi.

Ng'ambo ya ukuta ule, kabla hujafika jaani, kuna goli.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wako wanaojisifu kwa hilo. Mimi naeleza tu. Tangu nilipomaliza kidato cha nne, safari yangu ya kawaida ni kutoka jikoni hadi barazani, ambako kila asubuhi nauza mahamri na mbaazi, kisha kurudi. Lakini mpira naujua. Naujua kupitia dirisha la jikoni linalotazama uwanja wa mchanga wa mtaa. Tabu ni moja: ukuta wangu na mnazi wa watu hunificha nusu ya kule. Goli la huku naliona, karibu kiasi cha kusikia kipa akitema mate. Goli la kule nalisikia tu. Mpira ukienda kule mimi hungoja kelele, kisha naamua kwa sauti kama ni bao au mtu kaumia. Mimi ni mchambuzi wa nusu uwanja, na kama walivyo wachambuzi wengi, jambo hilo halijapata kunizuia kusema yote.

Msimu ule wa ligi ya mtaa ulikuwa bado mchanga, na zilikuwa zimebaki timu mbili tu ambazo hazijafungwa: yetu ya Mjambere, na ya Bombolulu. Nyingine zote zilikuwa zimeshaonja.

Yetu ilikuwa timu ya watu wazima. Mabeki wake ni watu wenye wake na magoti mabovu, mmoja fundi wa kujenga, mwengine muuza samaki, hawakimbii ila kwa dharura, lakini wanajua pa kusimama. Ushindi wao ulikuwa wa bao moja, la kona, au la mpira uliomgonga mtu mgongoni ukaingia wenyewe. Wakishalipata hilo hurudi nyuma wote, wakafunga mlango na kutia komeo. Kuwatazama ni kama kungoja maharage yaive kwa mkaa mbichi. Lakini huiva.

Bombolulu walikuwa vijana. Winga wao wa kulia akikimbia, mchanga humfuata nyuma kama moshi. Walifunga mapema, walifunga mengi, na wakishafunga huanza kucheza na mashabiki: visigino, kanzu za kumpitishia mtu mpira kichwani, mbwembwe. Kipindi cha pili hulala usingizi. Walikuwa wameshacheza mara mbili uwanjani kwetu, na mara zote mbili walipolinda goli la huku niliona beki wao wa kushoto akiufuata mpira kama kuku afuatavyo mtama, nyuma yake kumebaki uwanja mtupu. Hilo niliona kwa macho yangu. Kwamba mechi zote mbili walishinda, hilo nilisimuliwa.

Aliyenisimulia ni fundi cherehani mmoja, mtu wa Bombolulu, aliyekodi chumba cha duka karibu na baraza yangu. Kila asubuhi alikuja na bakuli lake la mbaazi na ulimi wake.

"Nyinyi hamfungwi kwa sababu hamchezi," alikuwa akisema. "Mwalala mbele ya goli kama ng'ombe barabarani. Mtu atapita wapi?"

"Na nyinyi hamfungwi kwa sababu hamjakutana na mtu," nami humjibu. "Mmecheza na timu iliyokuja bila kipa. Mmecheza na wale walioazima njumu mlangoni. Mtu akimpiga aliyelala, bwana, huitwa bondia?"

"Ngoja Ramadhani iingie. Wazee wenu kutwa wako juani kwenye mjengo, wamefunga, halafu alasiri wakimbizane na watoto wetu? Mtawabeba kwa mkokoteni."

"Mkokoteni umevunjika. Na nyinyi, vijana wenu wakishaitwa vyuoni, mtabaki na nani? Na wewe na sindano yako?"

Jirani yangu, bibi wa rika la marehemu mamangu, tuliyeshirikiana naye ukuta, hupita wakati huo kuchukua mahamri yake. Yeye hana timu. "Wote nyinyi," husema, "hamna hata mmoja aliyepata kupiga mpira." Kisha huenda zake, na fundi hurudi kwenye bakuli lake, maana ni kweli.

Tukiwa tumetulia, fundi alikuwa akikubali kwamba timu yake haijapimwa, nami nilikuwa nikikubali, kwa sauti ya chini, kwamba yetu ina pumzi ya kipindi kimoja na nusu. Nilivyoona mimi, timu ya kuanza ligi ni yao na timu ya kumaliza ni yetu, iwapo magoti yatafika. Yalikuwa maneno ya amani. Lakini mechi zikaendelea na hakuna aliyefungwa, na maneno yakabadilika. Watu wakaacha kuuliza nani anacheza vizuri, wakaanza kuuliza wanatumia nini.

Ndumba. Neno hilo likianza kutajwa mtaani halihitaji miguu. Ikasemwa Bombolulu huingia uwanjani kinyumenyume. Ikasemwa kipa wetu ana kitu ndani ya glavu. Mpira uliogonga mlingoti wetu na kurudi, ambao mimi niliuona kwa macho yangu ukigonga mbao kama mipira yote igongavyo mbao, ukasimuliwa kwamba uligonga hewa.

Na kocha wetu alikuwa kakangu.

Kakangu ni mwalimu wa madrasa. Watoto wa mtaa mzima, wa hapa na hata wa ng'ambo ya barabara, husoma kwake. Ndumba kwake si utani wala mbinu ya mpira, ni shirki, kumshirikisha Mungu. Mjumbe mmoja wa kamati ya timu, mzee mwenye duka la mchele, alipomnong'oneza kwamba yuko mtaalamu anayeweza "kuwasaidia kidogo" kabla ya mechi na Bombolulu, kakangu aliweka filimbi mezani akasema anaondoka. Wakambembeleza, akabaki. Lakini Ijumaa iliyotangulia mechi, baada ya mazoezi, alisimama katikati ya uwanja mbele ya wachezaji na wazazi na wapita njia, akasema, nami nilimsikia kutoka dirishani:

"Siku mtakayoona kitu cha namna hiyo kwenye timu yangu, msiniite tena mwalimu. Na watoto wenu msiniletee."

Watu wakasema maashaallah. Mimi nikafurahi hadi nikaamua kumpikia wali wa nazi.

Sasa unajua wali ule ulitoka wapi, na ulikwenda wapi.

Mechi ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Sijapata kuona watu wengi vile uwanjani kwetu. Walisimama kwenye mstari wa chokaa hadi mstari wenyewe usionekane. Wengine walipanda juu ya ukuta wangu bila hodi. Bombolulu walikuja na ngoma. Mimi nilikuwa dirishani na kikombe cha chai, kiti kikiwa na mto, nimejipanga kama mgeni rasmi.

Sarafu ikarushwa, na Bombolulu wakapewa goli la huku. Nikashukuru: nitamwona yule beki wa kushoto. Kipa wao, kijana mrefu mwembamba, akaja akitembea taratibu, akipiga makofi ya glavu. Akafika karibu na mlingoti. Akasimama. Akarudi nyuma hatua, kisha nyingine, bila kugeuka, kama mtu aliyeona nyoka.

"Refa!" aliita. "Refa, njoo uone!"

Nikasogeza uso kwenye wavu wa dirisha. Chini ya mlingoti, nusu ndani ya mchanga, kilikuwapo kitu chekundu.

Nataka niseme nilikitambua mara moja. Sikukitambua. Jambo la kwanza nililowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba Bombolulu wamekiweka wenyewe ili watuchafulie jina. Nilikuwa nimeshaanza kutunga nitakavyomweleza fundi kesho yake. Halafu kijana mmoja akakigusa kwa kijiti, kikageuka, nikaona fundo. Fundo lile alilifunga mtu mmoja tu duniani.

Chai ikanimwagikia mapajani na sikuisikia.

Watu walikuwa wameshajaa pale. "Kitambaa chekundu!" "Kina jivu!" "Sikia, chanuka udi!" "Hayo ni mayai hayo, tazama, mayai!" Kila kilichokuwamo kilitajwa kwa kelele kama bidhaa za mnada, na kila kilipotajwa mimi nilijibu moyoni: maganda ya mkate wa mayai, udi wa kuondoa harufu ya samaki. Hakuna mchawi aliyepata kukusanya vifaa kwa ukamilifu kama nilivyokusanya mimi bila kukusudia. Ngoma za Bombolulu zikanyamaza. Kipa akavua glavu, akazitupa. "Mimi sisimami hapo," akasema. "Hata mkinipa nini."

Kakangu akaja. Nilimwona akipenya katikati ya watu, kanzu yake nyeupe, filimbi shingoni. Akalitazama furushi. Akasema, "Sikijui kitu hiki."

"Basi apa!" sauti ikatoka kwenye umati, na nikaitambua: fundi wangu wa mbaazi. "Si ulisema mwenyewe Ijumaa? Apa kwamba timu yako haikuweka!"

"Uletwe msahafu!" mwengine akadakia. "Aape!"

Nilingoja aape. Kakangu hana hatia. Aape tu, ngoma ipigwe, tucheze. Lakini hakufungua mdomo. Aligeuka akamtazama yule mjumbe wa kamati, mzee wa mchele. Na mzee akatazama miguu yake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kakangu angeweza kuapa kwamba yeye hakuweka. Lakini hakuweza kuapa kwamba timu yake haikuweka, kwa sababu hakujua kama mzee yule alikwenda kwa mtaalamu kwa siri. Na mzee, nadhani, hakwenda, ila alikuwa anaona haya ya kutaka kwenda. Wote wawili wakanyamaza, kila mmoja kwa sababu yake, na umati ukaona kimya kimoja tu.

"Haapi!" mtu akapiga kelele. "Mwalimu haapi!"

Mama mmoja aliyekuwa amesimama karibu na ukuta wangu, mwanawe kamshika buibui, akasema taratibu, si kwa ubaya, "Na huyu ndiye asomeshaye watoto wetu." Akamvuta mtoto akaanza kuondoka naye. Nikamwona na wa pili akiondoka.

Nilipiga kelele dirishani. "Ni taka! Ni taka zangu!" Waliokaa juu ya ukuta wangu wakageuka, wakaniona mtu nyuma ya wavu anayepunga mkono na kikombe, wakarudi kutazama mambo ya maana. Nikaita tena. Hakuna aliyesikia. Nikatazama huku na huku nani nimtume. Nyumba ilikuwa tupu. Wote walikuwa uwanjani. Niseme ukweli, nilikaa kitini. Nilikaa nikajiambia kwamba mambo haya huisha yenyewe, kwamba kakangu ana ulimi, kwamba nitaeleza kesho barazani kwa utulivu, mmoja mmoja, pamoja na mbaazi. Sijui nilikaa kiasi gani. Kisha refa akaangalia saa, akasema kwa sauti kwamba timu ya wageni ikikataa kuingia ataandika yaliyoonekana golini, na jina la kocha.

Nikavaa buibui juu ya nguo yenye chai, nikatoka.

Watu wa mtaani wanajua kwamba mimi sitoki, basi walipishana wakanipa njia kama maiti inapita. Nilifika mbele ya goli. Karibu, lilikuwa dogo kuliko nilivyoliona dirishani miaka yote hiyo.

"Hizo ni taka zangu," nikasema.

"Sema kwa sauti, mama!"

"Taka zangu! Za jikoni! Nimezitupa mimi alfajiri!"

Kikapita kicheko, kisha kikakatika.

"Huyo ni dadake," fundi akasema. Hakuwa na ubaya, ila alikuwa na timu. "Mlitaka aseme nini? Na asubuhi nimekula mahamri kwako, dadangu, mbona hukutaja?"

"Sikujua zimeangukia hapa."

"Ukazifunga kwa nguo nyekundu."

"Ilikuwa ya kushikia sufuria."

"Na udi?"

"Nilipika samaki!"

Kila jibu lilikuwa la kweli na kila jibu lilisikika kama uongo. Nilimwona kakangu akinitazama, na nikaona kwamba hata yeye hajui aniamini ama nimekuja kumwokoa kwa uongo. Hilo lilinichoma kuliko yote.

Kipa wa Bombolulu akasogea mbele. Uso wake ulikuwa wa kitoto kuliko nilivyodhani. "Mama," akasema kwa adabu, "wasema ndani ni machicha ya nazi?"

"Machicha ya nazi."

"Basi kula, tuone."

Nikasikia bendera ya kona ikipigwa na upepo.

"Usile, dada," kakangu akasema. "Ni uchafu."

"Ni uchafu wangu," nikamjibu.

Nikapiga magoti mchangani. Fundo likakataa. Mimi nikifunga, hufunga. Nikalifungua kwa meno, na watu wa mbele wakarudi nyuma wakakanyaga wa nyuma. Machicha yalikuwa yamegeuka rangi, yamechanganyika na jivu na mchanga wa Mjambere. Nikachukua kwa vidole vitatu, nikatia mdomoni. Yalikuwa yamechacha, yana ndimu, yana udi. Sijui wachawi hulaje. Nikatafuna. Mchanga ulilia kati ya meno, na nadhani ulisikika.

"Meza," kipa akasema.

Nikameza.

"Fungua mdomo."

Nikafungua, mimi mtu mzima, mbele ya Kisauni yote, kama mtoto kwa daktari. Akachungulia. Mzee mmoja nyuma akasema, "Mngojeni kidogo. Dawa nyengine hukawia."

Wakaningojea kweli. Walinizunguka wakanitazama, wakitaraji nianguke, nitoe povu, niseme lugha nyingine. Nami nilikuwa nimepiga magoti pale, tumbo limeanza kunguruma, nikiomba lisingurume, maana hata hilo lingehesabiwa.

"Mkingojea nife," nikasema mwishowe, "nileteeni kiti changu. Kiko dirishani, kina mto."

Kipa akacheka. Alicheka kwanza kwa pua, akijizuia, kisha akashindwa, na kicheko chake kikapita kwa mabeki wake, kikaenda kwa wenye ngoma. Akaokota glavu zake. Akachota mkono mmoja wa mchanga akaurusha pembeni, kama mtu anayepangusa kiti, akasimama golini. Kakangu akainama, akakusanya maganda na ndimu kwa mikono yake mwenyewe, moja moja, akayafunga katika ile leso, akanikabidhi. Nikajua ameniamini.

Yule mjumbe wa kamati naye alipata sauti. "Nilisema mimi," alikuwa akiwaambia watu. "Timu yetu haina mambo hayo."

Nikarudi dirishani na furushi langu, nikatazama mechi nikiwa na ladha ya jaa mdomoni. Kipindi cha kwanza beki wao wa kushoto akaufuata mpira kama kuku, kama nilivyowaambia wote, na muuza samaki wetu akapita palipo wazi akafunga. Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli, na huku dirishani nikawaona wetu wakirudi nyuma, wakirudi tena, magoti yakikataa, na karibu na mwisho yule winga akaja na moshi wake wa mchanga akasawazisha. Sare. Hakuna aliyefungwa. Wote wawili walibaki kama walivyokuja, na maswali yote ya barazani yakabaki vilevile: Bombolulu bado hawajui kulinda walichonacho, na sisi bado hatuna pumzi ya kutosha, na Ramadhani ilikuwa inakuja.

Lakini macho yangu hayakuwa kwenye mpira. Yalikuwa kwa kakangu. Filimbi ya mwisho ilipolia alisimama peke yake karibu na ukuta wangu, akijifuta uso, watu wakimpita. Wengine walimpa mkono. Wengine walipita bila kumtazama, na kila aliyepita hivyo nilimhesabia moyoni. Kisha nikamwona yule mama wa mwanzo, aliyemvuta mwanawe. Alikuwa amerudi, kumbe hakufika mbali. Akasimama mbele yake, mtoto kajificha nyuma ya buibui.

"Mwalimu," akasema, "kesho madrasa ipo?"

Nikashika wavu wa dirisha.

"Ipo," akasema. "Mwambie aje na kitabu chake, Alhamisi alikisahau."

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Baadaye, watu wakiwa wametawanyika, nilitoka kwa mlango wa jikoni nikaenda hadi jaani kwa miguu yangu mwenyewe, nikaliweka furushi mahali pake. Jirani yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wake wa nyuma, tasbihi mkononi, kama anavyokaa kila siku tangu alfajiri. Nikamwamkia shikamoo. Akanijibu marahaba, akanitazama juu hadi chini, buibui, mchanga, madoa ya chai. Na kwa jinsi alivyonitazama, wazo likanijia.

"Bibi," nikamuuliza, "asubuhi nilipotupa, wewe ulikuwa umekaa hapo?"

"Nalikuwa hapa."

"Uliniona?"

"Nalikuona."

"Na kakangu anaitwa mchawi mbele ya watu, nawe umekaa kimya? Neno moja tu lako wangeliamini, si dadake wewe."

Akasukuma punje moja ya tasbihi, akasema:

"Wali wa nazi mlikula nyinyi, machicha yake niyatetee mimi?"